Njia ya Nyuma ya Kitalu

Haonga alinipigia simu asubuhi nikiwa bado nanusa maziwa. Huwa nayanusa kabla ya kunywa, hata kama mjukuu wangu ameyakamua mbele ya macho yangu, na watu wa nyumbani wameshazoea. "Ambilike," alisema, na nikamsikia anatafuna karanga kama alivyokuwa akitafuna tulipokuwa vijana, "Silwimba ametutoka. Tunazika kesho, Tunduma." Nikamwuliza amejuaje. Nikamwuliza ni nani aliyemwambia, na huyo naye aliambiwa na nani. Akacheka. "Miaka sitini na wewe bado ni askari kanzu! Mtu amekufa, bwana. Panda gari uje." Nilibaki nimekaa na kikombe mkononi mpaka maziwa yakashika utando, na sikuyanywa.

Habari za ukoo wangu nitaziacha, maana hazina kazi katika sura hii. Inatosha kusema nilitoka Ibaba, juu kabisa kwenye milima ya Ileje, ambako umande wa mwezi wa saba huganda ukaunguza majani ya maharage, na kwamba niliondoka huko na sanduku la bati kwenda kozi. Ilikuwa miaka ya mwisho mwisho ya Mwingereza. Serikali ilikuwa imeamua kahawa isambae Mbozi yote, ikataka vijana wa kwenda kwa wakulima kuwaonyesha kupanda, kupogoa na kuosha buni. Tukachukuliwa kumi na wawili, tukawekwa kwenye shamba moja la serikali upande wa Igamba, tufundishwe mwaka mzima. Kila mmoja alipewa kitalu chake na miche mia moja. Mwisho wa mwaka, kabla ya mvua, mkaguzi angekuja kuhesabu: mwenye miche themanini iliyo hai anapata cheti na ajira ya bwana kahawa, mwenye pungufu ya hapo anarudi kwao. Mtihani wa pili haukuwepo. Mimi nilikuwa nimeaga nyumbani kwa maneno makubwa, nimewatangazia watu wa Ibaba kwamba watakaponiona tena nitakuwa nimevaa kofia ya serikali, na kwa sababu ya mdomo wangu huo niliihesabu miche yangu kila asubuhi na kila jioni.

Tulilala katika nyumba moja ndefu ya matofali mabichi, paa la nyasi, vitanda vya kamba sita huku na sita huku. Kushoto kwangu alilala Haonga, Mnyiha wa hapo hapo Igamba, ambaye mama yake alimletea karanga kila Jumapili kana kwamba ofisi imesahau kutulisha. Maganda nilikuwa nayakuta kwenye blanketi langu, kwenye kiatu changu, mara moja ndani ya daftari. Darasani alikuwa na tabia ya kunyoosha mkono pale tu msimamizi alipofunga kitabu, akauliza swali la kutukalisha nusu saa nyingine huku ugali unapoa. Ukianza sentensi alikumalizia, tena alimalizia vibaya. Kulia kwangu alilala Yakobo Silwimba, Mnamwanga wa karibu na Tunduma, na huyu alinikera kwa namna nyingine kabisa. Alikuwa mpole. Alikunja blanketi lake pembe kwa pembe, aliimba nyimbo za kanisani kwa puani akiandika, na kabla ya kukusahihisha alisema kwanza, "Samahani, mukwai," kwa ile heshima ya watu wa mpakani, halafu anakusahihisha na inakuwa kweli umekosea. Miche yake ilikuwa mizuri kuliko ya sisi wote. Mtu wa namna hiyo, nilijiambia, lazima ana jambo analolificha.

Jikoni alikuwapo Mama Neli. Alikuwa mjane mwenye mikono minene, naye pia wa upande wa Tunduma, aliyeletwa na msimamizi kutupikia, na kwa mshahara ule alikuwa akilea watoto wanne aliowaacha kwa dada yake. Chakula chetu kilikuwa kile kile, ugali wa ulezi na maharage, majani ya maboga, siku ya bahati maziwa ya mgando. Lakini maharage yake aliyatia karanga zilizosagwa, na mpaka leo sijayala mengine yaliyofikia yale. Jiko lilitazamana na banda tulilolia chakula, na njia ya kwenda kwenye vitalu ilipita mlangoni pake kabisa. Kwa hiyo kila mtu akienda kumwagilia alimwamkia, akapokea utani, wakati mwingine na kiazi cha moto. Nusu ya kwanza ya mwaka Silwimba ndiye alikuwa kipenzi chake. Walisemezana Kinamwanga, akamchotea maji, na yeye akamwekea ukoko. Nililitazama jambo hilo na kulihifadhi. Nilikuwa na kawaida ya kuhifadhi mambo.

Mwezi wa sita tulipewa likizo ya wiki mbili. Tuliporudi, Silwimba alikuwa mtu mwingine. Hakukanyaga tena bandani. Alimwomba kijana mmoja wa Itaka amletee sahani yake bwenini, akala peke yake, ameupa mlango mgongo. Sauti ya Mama Neli ikisikika uani, alisimama katikati ya neno akatoka kwa upande mwingine. Na njia ya mbele aliiacha kabisa: kwenda kwenye kitalu chake alizunguka nyuma ya bweni, akakata kwenye migomba, akapita kwenye matete, akatokea mwisho kabisa wa vitalu. Kitalu cha mwisho kabisa kilikuwa changu. Mtu aliyekuwa akipita mlango wa mbele miezi sita, anacheka na kula viazi, leo anajipenyeza kwenye matete asubuhi na jioni na kutokea kwenye miche yangu. Niambieni, ninyi mngefikiri nini?

Na miche yangu ilikuwa imeanza kufa. Wa kwanza niliukuta umelala chini asubuhi, umekatwa shina usawa wa ardhi, safi, kama kwa wembe. Kesho yake miwili. Baada ya siku tatu, mitano. Nilikuwa nimeifunika miche yangu kwa nyasi nyingi tangu nirudi likizo, tabaka nene la kufika nusu ya shina, kwa sababu baridi ya mwezi wa saba naijua na sikutaka umande unikatie kahawa kama unavyowakatia watu wa kwetu maharage. Wenzangu waliweka nyasi kidogo tu, nikawaona wajinga. Siku moja nilirudi ghafla kuchukua ndoo niliyoisahau, nikamkuta Silwimba amechuchumaa kwenye kitalu changu, ameinua nyasi kwa kidole, anachungulia chini. Aliponiona alisimama taratibu, hakushtuka, na hiyo ikanitia wasiwasi zaidi. "Samahani, mukwai," akasema. "Nyasi zako nzito mno. Hapa si Ibaba. Zipunguze udongo upate jua." Nikamwambia asante, kaka. Alipokwisha kwenda nikasimama pale nikilipima neno lake. Anataka baridi imalizie kazi aliyoianza, nikasema moyoni. Nikaenda kukata nyasi nyingine, nikaongeza.

Naandika haya nikiwa na akili ya mzee, na nataka kuwa mkweli: sikuwa mjinga, nilikuwa nashuku, na mtu anayeshuku anaona mambo mengi. Niliona alama za miguu yake kwenye matope ya kitalu changu. Niliona kijiti kimechomekwa pembeni. Na kubwa kuliko yote, nilisikia kwa masikio yangu. Ilikuwa baada ya kipindi cha mchana. Nilibaki nyuma ya ukuta wa ofisi, kwa makusudi, sioni haya kulisema, na ndani Silwimba alikuwa anazungumza na msimamizi kwa sauti ya chini. Alikuwa anaomba aondolewe zamu ya kubeba kuni jikoni. Msimamizi, mtu mzima wa Rungwe aliyezoea kuwaonea vijana huruma, akamwuliza sababu, na sehemu hiyo sikuisikia vizuri, ilimezwa na mtu aliyekuwa anapasua kuni. Nilichosikia ni mwisho. "Ila nakuomba, bwana, wenzangu wasijue." Na msimamizi akajibu, "Haya, nimekuelewa. Wewe pita njia yako."

Wenzangu wasijue. Maneno hayo nililala nayo na kuamka nayo. Niliacha kunywa maji ya mtungi wa bweni, nikawa nachota yangu kisimani. Nilihamisha kichwa changu upande wa miguu wa kitanda ili nimwone akiingia. Nilifikia hatua ya kuonja maharage yangu kidogo kidogo, nikisubiri tumbo liseme. Silwimba alizidi kuwa mpole, akazidi kuimba kwa puani, na siku moja akanishonea kifungo cha shati bila kuombwa, nikakikata kile kifungo nikakitazama ndani kama kuna uzi usioeleweka. Nikikumbuka kifungo kile hata sasa, uso unaniwaka.

Haonga ndiye aliyelitamka. Tulikuwa tumekaa kizingitini mwa bweni, yeye na karanga zake, na mimi nimemweleza yote, njia ya matete, kijiti, maneno ya ofisini. Akatema ganda. "Basi anakuroga," akasema, kwa mzaha wake wa kila siku. "Mnamwanga huyo. Anaroga miche, halafu atakuja na wewe." Haonga alicheka. Mimi sikucheka, na alipoona sicheki naye akaacha, na hapo mzaha ukageuka kuwa habari. Jioni ile bweni zima lilikuwa linajua. Nilizaliwa katika nyumba ya Wakristo, nimebatizwa, najua kusoma na kuandika, na niliamini. Watu waliacha kumpelekea sahani. Yule kijana wa Itaka alisema mkono unamuuma. Silwimba akashinda siku mbili kwa karanga alizopewa na Haonga, maana Haonga hakuweza kumwona mtu ana njaa hata kama ni mchawi.

Siku ya tatu, Jumamosi, asubuhi nilihesabu miche sitini na tisa. Nilihesabu mara mbili. Themanini ilikuwa imekwisha kupita. Hata asingekufa mwingine, mimi nilikuwa narudi Ibaba bila kofia, kwa watu niliowatangazia. Msimamizi alikuwa amekwenda bomani tangu alfajiri, hakukuwa na mtu mzima wa kumwuliza. Nikajificha kwenye matete pamoja na Haonga na wengine wawili, tukangoja. Karibu na saa sita Silwimba alikuja, debe la kumwagilia mkononi, anaimba. Alipofika kwenye kitalu changu akasimama, akainama, akatia kidole kwenye nyasi. Tukamrukia.

Hakupigana. Aliuliza tu, "Kuna nini? Kuna nini, jamani?" Nikamwambia atajibu mbele ya watu wote, bandani, wote waliokuwa wakila waone uso wake. Alipoelewa tunampeleka wapi ndipo alipobadilika. "Si huko," akasema. "Nipelekeni popote. Nipelekeni bomani kwa Mzungu. Si njia ya mbele, Ambilike, nakuomba kwa jina la Mungu, si huko." Nilimjibu kwamba sasa tumempata. Unaogopa watu wasije wakakujua, nikasema. Akajitupa chini. Basi tukambeba juujuu, wawili mikono na wawili miguu, naye amefumba macho na kugeuza uso kifuani pangu, analia kama mtoto, na mimi kadiri alivyolia ndivyo nilivyozidi kuwa na hakika. Tukafika mlangoni mwa jiko. Mama Neli alikuwa anatoka na sufuria ya maharage, anawaita vijana wa bandani waje wapokee. Tukamsimamisha Silwimba mbele yake kabisa, umbali wa mkono, tukamshika kichwa kitazame mbele.

Sufuria ilianguka. Mama Neli hakupiga kelele. Alitoa sauti ndogo, akajifunika kichwa chote kwa kitenge chake, akageuka na kukimbia, akajigonga kwenye nguzo ya banda, akaendelea kukimbia mpaka kwenye migomba. Silwimba alikuwa amekwisha kuanguka kifudifudi kwenye maharage ya moto, ameficha uso kwa mikono, na hakuinuka. Na Haonga, ambaye sikuwahi kumsikia akisema kitu cha maana mwaka ule mzima, alishika kichwa. "Mungu wangu," akasema. "Ni mkwewe."

Mimi nilikuwa bado sijaelewa. Kwetu Ileje mwanamke ndiye anayemkimbia baba mkwe. Anaacha njia, anajificha kichakani mpaka mzee apite. Mwanamume kumkimbia mama mkwe wake kiasi kile sikuwahi kuona. Haonga alinieleza kwa maneno ya haraka, akiokota vipande vya mkaa bila sababu: kwa Wanamwanga, posa ikishapokelewa, kijana hamtazami tena mama wa binti, hali mbele yake, hapiti mlangoni pake, mpaka siku wazee watakapomwingiza rasmi nyumbani kwa wakwe, pengine baada ya miaka. Silwimba alikuwa amemposa Neli wakati wa likizo. Aliporudi chuoni, mpishi aliyekuwa akimtania alikuwa sasa mama mkwe wake. "Nilidhani unajua," Haonga akasema. "Nilidhani tunataniana." Kama alidhani kweli au alijitetea, sijui hata leo, na yeye nimemwuliza mara nyingi.

Msimamizi alirudi alasiri. Hakutupiga, ingawa ningependa angetupiga. Alitupeleka sote kumi na mmoja kwenye kitalu changu, akachuchumaa, akainua lile tabaka la nyasi zangu kwa mikono miwili kama mtu anayefunua kitanda. Chini yake, kwenye udongo wenye joto na unyevu, walikuwapo sota, wamejikunja, wanene, wa kijivu, sijui wangapi. Wadudu hawa hukata shina la mche wakati wa giza na kujificha mchana, na mahali wanapopapenda ni chini ya nyasi nzito. Alimchukua mmoja akaniwekea kiganjani. "Huyu ndiye mchawi wako," akasema. "Na umemjengea nyumba mwenyewe." Halafu akanionyesha kile kijiti pembeni. Silwimba alikuwa anakitumia kuwafukua kila alipopita, akawaua aliowafikia. Alikuwa amemwambia msimamizi kwamba amenishauri mara moja na hakutaka kunishauri mara ya pili, kwa kuwa aliona neno lake limenichukiza.

Msimamizi alimsihi Silwimba abaki. Sisi wote tulimsihi, mimi nilipiga magoti, na Silwimba alisikiliza akiwa anafunga sanduku lake, pembe kwa pembe. Mikono yake ilikuwa imebabuka kwa maharage. "Nikibaki, yeye ataondoka," alisema. "Hawezi kupika mahali ambapo tumeonana vile. Na ana watoto wanne." Hilo tu. Nilimwambia nitakwenda kwa wazee wake nieleze kwamba kosa ni letu. Hapo ndipo alipogeuka kunitazama, kwa mara ya kwanza tangu mchana. "Utaeleza nini? Kwamba nilishikwa kwa uchawi? Nani atanipa binti baada ya kusikia hivyo, hata ukisema ulikosea? Nyamaza, Ambilike. Hilo ndilo unaloweza kunifanyia." Asubuhi alitoka kwa njia ya nyuma, sanduku kichwani, akapotelea kwenye matete. Mama Neli alirudi jikoni Jumatatu. Aliendelea kutupikia mpaka mwisho wa mwaka, na maharage hakuyatia karanga tena.

Sasa nifikie lile ambalo nimelizunguka kwa miaka yote hii kama alivyokuwa akizunguka yeye jiko. Mwanafunzi akiondoka, miche yake iligawiwa wenye mapengo. Ndiyo ilikuwa kanuni ya shamba, miche haikuachwa ife. Miche ya Silwimba ilikuwa mia kamili. Msimamizi aliuliza nani ana mapengo, na mimi nikanyoosha mkono. Nilihamisha thelathini na mmoja kwa mikono yangu, pamoja na udongo wake. Mkaguzi alipokuja alisimama kwenye kitalu changu kuliko kwingine kote, akaisifu hasa ile ya upande wa matete. Nikapewa cheti, nikapewa kofia. Nilikuwa bwana kahawa miaka thelathini na miwili, nimepita Mbozi yote na Ileje yote, nimewaambia wakulima wasio na idadi wapunguze nyasi, na cheti kile kipo ukutani kwangu, kwenye kioo. Neno la Silwimba la kunyamaza nililishika vizuri sana, na sikujiuliza mara nyingi ni nani lilikuwa linamfaa zaidi.

Mazishi yalikuwa nyumbani kwake, nyuma kidogo ya barabara ambako malori ya kwenda Zambia yanapanga foleni mpaka hayaonekani mwisho. Haonga alikuwa ameniwekea kiti chini ya turubai. Amekuwa mdogo, mgongo umepinda, meno yamebaki machache, na karanga bado anazo, siku hizi anazisaga kwanza. Tulitoka makaburini, tukanawa, tukakaa. Ndipo akasimama mzee mmoja mwenye fimbo, Simeoni, mdogo wake Neli, kusema neno la upande wa wakwe. Alisema kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia mwenyewe. "Shemeji yetu alikuwa mpole," alisema. "Hamkuwahi kusikia amegombana na mtu. Kosa lake lilikuwa moja, la ujanani, na leo nalisema kwa sababu tulishalimaliza. Alikwenda kozi ya kahawa, miche yake ikafa yote, na kwa hasira za kushindwa akapita mlango wa mbele akamtazama mama yetu usoni kabla ya kuingizwa. Tulimtoza mbuzi. Tulimchelewesha kumwoa dada miaka miwili. Na niseme kweli, ndugu zangu, mimi sikumkabidhi shemeji jambo lolote la ukoo mpaka mama anafariki. Nilijiambia, aliyemfanyia mama yangu vile anaweza kufanya lolote." Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani cha kusameheana.

Kwa hiyo ndivyo alivyowaambia. Alichagua kuwa mkwe asiye na adabu kuliko kuwa mtu aliyewahi kushikwa kwa uchawi, na akaishi hivyo kwenye ukoo wa mke wake maisha yake yote, anatazamwa kwa jicho la pembeni, kama mimi nilivyomtazama. Nilianza kuinuka. Haonga akanishika mkono. "Kaa," akanong'ona. "Mtu keshazikwa, Ambilike. Unamsumbua nani sasa? Yeye mwenyewe alitwambia tunyamaze." Alikuwa na hofu machoni, maana na yeye alishika mkono mmoja siku ile. Nikamtazama, nikafikiria cheti changu kwenye kioo, na kwa muda nikakaa kweli. Halafu nikaenda ndani kumpa mjane pole.

Neli alikuwa amekaa mkekani, amezungukwa na wanawake, mama mzee mwembamba mwenye mikono minene ya mama yake. Nikajitaja. Akaniangalia. "Wewe ndiye uliyesoma naye kule Igamba," akasema. "Basi niambie, baba. Jambo hili limenikaa. Kweli miche yake ilikufa? Maana mimi nimeishi naye. Mchicha aliutupa jalalani ukaota. Mkono wake haukuwahi kuua mmea. Kila nikimwuliza alisema ilikufa, nami kila akisema nilikuwa na shaka."

"Haikufa hata mmoja, mama," nikasema. "Iliyokufa ilikuwa yangu. Mimi nilidhani yeye ndiye anayeiua, kumbe ni wadudu, na tena niliwafuga mwenyewe. Alipoondoka nilipewa miche yake, ndiyo niliyopatia cheti. Na mlango wa mbele hakupita. Alitusihi tusimpitishe huko. Tulikuwa wanne, mimi ndiye niliyewaongoza, na tulimbeba."

Neli aliweka mkono mdomoni. "Mama alisema," akasema mwisho. "Alilisema mara moja tu, maana mkwe hazungumzwi ovyo. Alisema miguu ya yule kijana haikuwa inagusa chini. Sisi tukadhani anamfichia aibu." Kisha akageukia mlango na kuita kwa nguvu ambayo sikuitegemea katika mwili ule, "Simeoni! Simeoni, njoo hapa!" Mzee akaja na fimbo yake, na nyuma yake wakaja wengine waliokuwa chini ya turubai, wakasimama mlangoni na dirishani, Haonga akiwa miongoni mwao, ameshika kifuko chake cha karanga bila kukifungua.

"Rudia, baba," Neli akaniambia. "Lakini pandisha sauti. Mdogo wangu hasikii vizuri."

Nikavua kofia, nikaanza upya.